Nachaguaje shule ya udereva hapa Dar? Nimepita tatu nimechanganyikiwa

MamaNaila
Habari za jioni wakuu, naomba mawazo ya waliopitia. Mimi ni nesi, nakaa Segerea kazini kwangu Temeke, na hizi bodaboda za saa nne usiku nikitoka zamu zimenichosha, naogopa kila siku. Mume wangu kahamishiwa Dodoma kikazi kaacha kagari ketu ka IST hapa nyumbani kanapigwa jua tu. Nina miaka 34, usukani sijawahi kuushika hata mara moja.

Nimezunguka sehemu tatu. Ya kwanza 150,000 wiki mbili, ya pili 250,000 mwezi mzima, ya tatu ndo imenichanganya, jamaa anasema nitoe 350,000 leseni naletewa mkononi, majaribio sifanyi, kuendesha nitajifunza mwenyewe polepole mtaani. Shemeji naye anasema nisipoteze hela atanifundisha yeye jumapili jumapili. Nyie mlichagua kwa kuangalia nini? Na nijifunze oto tu (isiyo na klachi) kwa kuwa gari letu ni oto, au nianzie manyuo ya gia za mkono? Na walimu wa kike wapo?

Kipilefti_Kigogo
Dada huyo wa 350,000 usimpokelee simu tena, huyo ni kishoka, dalali wa magendo. Utaratibu unajulikana, unachukua leseni ya kujifunzia ambayo inadumu miezi 3, unaingia darasani na barabarani, trafiki wanakupima, ukifaulu ndo TRA wanakutolea leseni yako daraja D ya gari dogo. Sasa wewe uletewe kadi nyumbani, hiyo kadi itakusaidia nini siku mtoto karuka barabarani na mguu wako haujui breki iko wapi? Wewe ni nesi, wanaoletwa pale usiku wamevunjika mapaja unawapokea wewe, sina haja ya kukueleza.

Shemeji mwache kwanza. Gari ya nyumbani haina breki upande wa abiria, ukipaniki yeye atabaki kupiga kelele tu. Atakufaa baadaye ukishajua, akukalie pembeni uzoee foleni.

BintiKinyerezi
Mdogo wangu nikueleze yaliyonikuta mwaka juzi ili usirudie. Nilienda kwenye shule moja (jina silitaji) kwa sababu ilikuwa bei rahisi, 180,000 wiki tatu, siku 15 za barabarani, nikaona nimepata. Siku ya kwanza nafika kumbe tunapakiwa wanne kwenye gari moja, tunatoka saa mbili asubuhi tunarudi saa nne, hapo hapo mwalimu apitie sheli, apitie kwa fundi wake, asimame aongee na simu, yaani ukija kugawa kila mtu kashika usukani dakika 20 na kidogo. Nilivyokuja kupiga hesabu siku zote 15 hazikufika masaa 6 ya mimi mwenyewe kuendesha. Sasa masaa 6 utajua nini? Kupaki rivasi nilijaribu mara mbili tu. Kwa hiyo ukienda usiulize wiki ngapi, uliza masaa mangapi MIMI nashika usukani na tunakuwa wangapi kwenye gari, na wakuandikie kwenye risiti.

La pili ulilouliza la mwalimu wa kike, naona watu wanaliona dogo ila mimi nalisema wazi. Mwalimu wangu wa mwanzo kila nikibadilisha gia mkono wake uko juu ya mkono wangu, baadaye ukawa unateremka kwenye goti. Nilikuwa nanyamaza nikidhani ndo kufundishwa. Siyo kufundishwa! Nilienda ofisini nikaomba nibadilishiwe, wakanizungusha, nikaacha hela yangu nikahama. Shule niliyohamia walinipa mama mmoja mtu mzima, mpole lakini ukikosea anakurudisha mpaka upatie, ndo aliyenitoa woga wa malori. Mwalimu akuelekeze kwa mdomo, na ukimwambia usinishike aelewe mara moja. Asipoelewa shuka.

MamaNaila
Dada pole sana jamani, na asante kwa kusema. Hilo la masaa sikuliwaza kabisa, mimi nilikuwa nagawanya hela kwa wiki. Na manyuo je?

Mwl_Usukani
Mimi nafundisha udereva, shule sitaji nisionekane natafuta wateja. Dada anza na manyuo. Wiki ya kwanza itakutesa, gari itakuzimikia kwenye kila tuta na honi za nyuma zitakuliza, lakini ukishajua kuisikilizia klachi, ile sehemu unaachia mguu taratibu gari inaanza kutetemeka pua inanyanyuka, basi oto utaingia siku moja tu. Aliyejifunzia oto akipewa manyuo anaanza upya. Halafu shule nyingi gari zake ni manyuo kwa hiyo hata majaribio utafanyia hiyo hiyo.

Kabla hujalipa omba kuiona gari yenyewe. Chungulia miguuni upande wa kushoto anakokaa mwalimu, kuna pedeli ya breki au hamna? Kama hamna ondoka, hata kama ofisi ina kiyoyozi. Angalia vibao vya L (vya mwanafunzi) mbele na nyuma, tairi, na mikanda kama inafunga. Kisha omba ukae siti ya nyuma somo moja la mwanafunzi mwingine. Mwalimu mwenye nia hakukatalii hilo, na pale utamuona vizuri, anaangalia barabara au anachati? Mwanafunzi akizima gari anamtukana au anamwambia tulia, weka hendibreki, anza tena?

Na uliza wanakupeleka wapi. Kuna shule zinakuzungusha kiwanjani na mitaa ya ndani mpaka kozi inaisha, halafu siku ya kwanza peke yako unatokea Tabata Relini uingie barabara ya Mandela saa moja asubuhi na yale malori ya bandarini, utaacha gari katikati ya barabara urudi kwa miguu. Mwambie mwalimu kabisa, mimi njia yangu ni Segerea mpaka Temeke na narudi usiku, naomba masomo ya mwisho tupite njia hiyo hiyo, moja liwe baada ya magharibi. Taa za wenzako zikikupiga machoni na bodaboda haina taa ya nyuma, hayo darasani hayafundishiki.

Ile ya 250,000 usiikatae kwa bei kwanza, kaihoji masaa.

MamaNaila
Nimepiga simu zote mbili sasa hivi. Ya 150,000 wanafunzi watano kwa gari, dada wa mapokezi hajui masaa. Ya 250,000 wawili kwa gari, saa moja kila mtu, siku 20, wana mwalimu wa kike ila yupo asubuhi tu. Nikitoka zamu ya usiku nitakuwa na usingizi, siwezi kushika usukani hivyo, kwa hiyo nimeomba kwa matroni wiki nne za zamu za kuanzia mchana tupu, asubuhi niwe huru. Akikubali jumatatu naenda kuchungulia hiyo pedeli.

BintiKinyerezi
Nenda na viatu vya chini mdogo wangu, vyenye soli nyembamba.