Mjadala: Ofisi ya ubia wa kutokomeza malaria iondoke Geneva, iletwe Arusha?

Themi
Wadau, swali langu ni fupi. Ubia wa kimataifa wa malaria, ule wa Roll Back Malaria ulioanzishwa na marais kule Abuja mwaka 2000, sekretarieti yake imekaa Geneva miaka yote hii. Zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 vya malaria duniani vinatokea Afrika. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika, kuna kumbi za AICC, na vyandarua vinatengenezwa hapo Kisongo. Kwa nini wanaoongoza vita hii wakae kwenye theluji? Naomba hoja, si matusi.

Mzee wa Rombo
Theluji hata Kibo ipo, mkuu. Ila historia umeipindua. Ubia ulianzishwa 1998 na mashirika manne: WHO, UNICEF, UNDP na Benki ya Dunia. Abuja ni Aprili 2000, na huko viongozi waliahidi kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2010. Halafu hiyo hoja ya uongozi imepitwa na wakati. Mwenyekiti wa bodi alishakuwa Mtanzania, Dkt. Winnie Mpanju-Shumbusho. Mtendaji mkuu alishakuwa Kesete Admasu wa Ethiopia, akafuata Abdourahmane Diallo wa Guinea, wote mawaziri wa afya wastaafu. Unataka Mwafrika gani tena?

Themi
Sikusema Mwafrika, nimesema ofisi. Soma tena.

Kijenge Juu
Wote mnabishania kiti. Ubia kazi yake ni kukutanisha na kupanga. Fedha ya kununulia vyandarua na dawa iko Mfuko wa Dunia (Global Fund) tangu 2002, na ilikuwa kwenye ule mpango wa Rais wa Marekani wa 2005, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za kwanza. Anayeongoza vita ni yule anayeandika vigezo vya zabuni: uzi wa aina gani, dawa gani, bei ya mwisho ngapi. Ofisi ikija Arusha na vigezo vikabaki huko huko, tutapata ajira za madereva tu. Ndiyo maana tunaletewa vyandarua vinavyokwaruza, watu wa Moshi wanafunikia mchicha na kuzungushia vifaranga.

MamaUru
Watu wa Moshi wamefanyaje? Kijenge, kabla ya kututukana jifunze kwanza unachokitukana. Chandarua kinachokwaruza ni cha poliyethilini. Uzi wake ni denia 150, maana yake mita 9,000 za uzi zina uzito wa gramu 150. Wa poliesta ni 75 au 100, ndiyo maana ni laini. Lakini huo mgumu dawa imechanganywa ndani ya plastiki kabla ya kuvutwa kuwa uzi, haikupakwa juu. Ukikifua, ya juu inatoka, ya ndani inapanda taratibu. Cha poliesta kimepakwa nje, ukikifikicha na Jik umemaliza dawa na chandarua kimebaki pazia. Ugumu si ubaya.

Kijenge Juu
Dada, sijatukana mtu. Mchicha uliofunikwa chandarua upo au haupo?

MamaUru
Upo, na unafunikwa na vilivyochoka. Kimelengwa kidumu miaka 3 na kistahimili kufuliwa mara 20 maabara. Nyumba yenye kitanda cha kamba na misumari hakifiki huko, kinaanza kuchanika chini pale kinapochomekwa kwenye godoro. Baada ya hapo ulitaka kiwekwe makumbusho?

Ngaramtoni Juu
Kupanda kwa dawa hutegemea joto. Kwenye baridi ya Julai huku kwetu dawa hairudi juu upesi kama kule Kahe kwenye joto la tambarare. Kwa hiyo kufua kila wiki, hata kama ni poliyethilini, ni kujidanganya. Mara moja kwa miezi 3 inatosha: maji baridi, sabuni ya kipande, anika kivulini. Na maji usimwage mtoni, dawa hizi zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Mzee wa Rombo
Na kipya kitundikwe kivulini siku nzima kabla ya kulalia. Wengi wakishawashwa uso usiku wa kwanza hukitupa, wanasema kina sumu.

Themi
Jamani, Geneva.

Fundi Chekereni
Mleta mada tulia, hapa ndipo penye nyama. MamaUru anatetea uzi, lakini shida iko kwenye dawa. Permetrini na deltametrini, dawa zinazotiwa kwenye vyandarua, ni ukoo mmoja, na mbu wetu wameshauzoea. Ndiyo maana wakaongeza PBO, ambayo yenyewe si sumu ya mbu. Inaziba vimeng'enya anavyotumia mbu kuvunja dawa. Vyandarua vyenye PBO vilipimwa Muleba, matokeo yakatoka 2018, vikashinda vya kawaida. Halafu Misungwi, wakihusika watafiti wa NIMR Mwanza, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na KCMUCo, chuo cha tiba cha hapa Moshi, matokeo 2022: cha PBO kilisaidia mwaka wa kwanza, mwaka wa pili hakikuonyesha tofauti na cha kawaida. Chenye klorofenapiri, dawa ya ukoo mwingine, kilipunguza wagonjwa wa malaria kwa watoto kwa 44 kwa 100 katika miaka miwili. WHO ikakipendekeza Machi 2023. Sasa niambieni, ushahidi umetoka Kanda ya Ziwa kwa msaada wa vichwa vya Moshi, kibali kimetolewa Geneva yaliko makao ya WHO. Nani kiongozi hapo?

Kijenge Juu
Ndicho nilichosema kuhusu vigezo!

Fundi Chekereni
Hujasema, umesema mchicha.

Ngaramtoni Juu
Kibali kikichelewa, si kwa sababu ya ubaya wa mtu. Vipimo vya zamani havikufaa dawa mpya. Kipimo cha kawaida cha koni unaweka mbu 5 juu ya chandarua kwa dakika 3, unahesabu walioanguka baada ya saa 1 na waliokufa baada ya saa 24. Klorofenapiri ukiipima hivyo inaonekana haifai kitu. Inageuka sumu ndani ya mwili wa mbu akiwa anaruka na kutafuta damu usiku, kwa hiyo lazima atumike mbu aliye huru kwenye kipimo cha handaki, na vifo vihesabiwe mpaka saa 72. Mkaguzi wa bandarini akitumia koni atakataa shehena yote isiyo na kasoro.

BintiMabogini
Nyote mko chumbani. Huku kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, mbu wa malaria aliyebaki ni aina ya *arabiensis*, na anauma nje jioni, akikosa mtu anamgeukia ng'ombe. Chandarua cha denia yoyote hakimfikii mtu anayemwagilia mpunga saa moja usiku. Mnaohangaikia uzi mngeuliza kuhusu maji. Kiluwiluwi kwenye jaruba la joto anatoka yai hadi mbu ndani ya siku 7 mpaka 14. Ukikausha jaruba kabla hajaota mabawa, amekufa. Kilimo shadidi, kile cha kumwagilia na kukausha kwa zamu, kinafanya hivyo hivyo kwa faida ya mpunga.

Mzee wa Rombo
Kwa karatasi. Kukausha kunafaa kitalu chote kikikauka pamoja. Jaruba lako kavu na la jirani limejaa, mfereji unavuja, alama za kwato za ng'ombe zimeshika maji: mbu hajapungua, umesumbuka bure. Ukiweka dawa ya viluwiluwi ya bakteria, ile aina inayotengenezwa Kibaha, kila wiki lazima urudi. Ukiruka wiki moja katikati ya masika, wametoka.

BintiMabogini
Kwani kupanga zamu za maji ni jambo geni Uchagani? Mifereji ina wazee wake tangu enzi. Anayeshindwa ni mradi unaokuja na ratiba yake.

MamaUru
Hapo umenena.

Kijenge Juu
Ila tuambiane ukweli: huku kwetu maambukizi yako chini ya 1 kwa 100. Utafiti wa 2022 ulitoa wastani wa nchi kama 8, Tabora zaidi ya 20. Kwa nini Arusha na Kilimanjaro wapewe vyandarua vya kampeni, badala ya kuvipeleka vyote Tabora na Kigoma?

Ngaramtoni Juu
Vipungue, ndiyo, lakini wekeza kwenye kufuatilia mgonjwa mmoja mmoja. Wachina walifanya 1-3-7: siku 1 umeripoti, siku ya 3 umejua kaipata wapi, siku ya 7 umeshughulikia eneo. Walithibitishwa 2021 kuwa hawana malaria, baada ya miaka 4 mfululizo bila maambukizi ya ndani; kigezo kwa kila nchi ni angalau miaka 3. Kwetu mtihani ni Desemba. Magari yanapanda kutoka Dar, Tanga na Mwanza, vimelea vimo ndani ya abiria. Juu Kibosho kimelea hakikui ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18, lakini Kahe na Mabogini kinakua vizuri tu. Mgonjwa wa Januari asipoulizwa alilala wapi Desemba, umeandika ugonjwa wa Moshi ambao si wa Moshi.

Fundi Chekereni
Na msitegemee kipimo cha haraka kuamua kama amepona. Protini kinachoitafuta hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya dawa mseto kumaliza vimelea. Anapimwa tena, inatoka chanya, anapewa dozi ya pili, na kwenye ripoti anahesabiwa wagonjwa wawili.

Themi
Nimejifunza mengi ambayo sikuuliza. Narudi: nani aongoze?

Kijenge Juu
Yule anayejua kugawa. Chandarua 1 kwa watu 2, kwa hiyo kijiji cha watu 4,500 ni 2,250. Belo la 50, ni belo 45. Hiyo hesabu inafanyika hapa hapa, haihitaji Geneva.

MamaUru
Na umeikosea! Inagawanywa kwa 1.8, si kwa 2. Nyumba ya watu 3 inachukua 2, ya watu 5 inachukua 3. 4,500 kwa 1.8 ni 2,500, yaani belo 50. Umeacha vyandarua 250 nje, halafu waliokosa ndio watakaolaumiwa kwa mchicha.

Kijenge Juu
Hilo la 1.8 ni la kampeni ya nchi nzima. Kijiji kimoja unaandikisha nyumba kwa nyumba.

MamaUru
Ukiandikisha nyumba kwa nyumba ndiyo kabisa hutapata 2,250. Hesabu kaya zako za idadi witiri halafu urudi.