Chemchemi za Taj Mahal zilirukaje sawa bila pampu?

Muulizaji: Bomba moja likilisha matundu mengi, la kwanza hurusha maji juu na la mwisho hububujika tu. Mfereji wa Taj Mahal kule Agra, India, una safu ndefu ya chemchemi. Mafundi wa Shah Jahan, mfalme aliyeijenga, waliepukaje tatizo hilo?

Jibu: Siri iko chini ya sakafu. Kila chemchemi ina chungu cha shaba chini yake. Bomba kuu halipeleki maji moja kwa moja kwenye tundu: hujaza vyungu vyote kwanza, ndipo maji hupanda. Msukumo unaohesabika ni ule wa ndani ya chungu, kwa hiyo chemchemi ya mwanzo na ya mwisho hurusha sawa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kuliko hata marumaru.

Jibu: Pia kuna suala la kimo cha maji. Ng'ombe walivuta maji ya mto Yamuna kwa kamba na ndoo, yakapandishwa hadi matangi ya juu. Tangi likipungua, chemchemi zote hushuka kwa pamoja.

Jibu: Linganisha na Shalimar ya Lahore, bustani nyingine ya Shah Jahan iliyoko Pakistan ya leo, iliyoanzwa 1641. Huko maji yaliletwa kwa mfereji, na bustani ina viwango vitatu vinavyoshuka, chemchemi 410. Angalia ukuta wa vishubaka nyuma ya maporomoko: usiku viliwekwa taa, mwanga ukapenya pazia la maji. Mfereji ukijaa tope, mabomba membamba ndiyo huziba kwanza.

Muulizaji: Vyungu! Nilikuwa natafuta jibu kwenye upana wa bomba. Asanteni sana.