Lavenda, mti-chai, mkaratusi: mafuta haya ya kunukia mnayatumiaje kwa ngozi na kwa watoto?

Mama Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu. Dada yangu amenizawadia kiboksi cha mafuta ya kunukia, vichupa vya mililita 10 vya lavenda, mti-chai (tea tree, siyo chai ya kunywa), mkaratusi, mnanaa na bergamoti, lile tunda la jamii ya limau. Viko kabatini, sijafungua hata kimoja, maana kila ninayemuuliza ana lake. Huyu anasema pakaa hivyo hivyo, yule anasema weka kwenye maji ya kuoga, mwingine ananiambia ninywe matone mawili asubuhi na maji ya uvuguvugu.

Nyumbani tuko hivi. Mimi ngozi yangu ni kavu sana, miguuni inapauka hadi kupasuka na usiku inawasha. Kijana wangu wa miaka 15 ana chunusi usoni, zimemkosesha raha mpaka hataki kupigwa picha. Mdogo wake ana miezi minane, mafua hayamwishi na pua ikiziba halali. Baba mkwe tunaishi naye, ana pumu.

Kipi kinamfaa nani, kwa kiasi gani, na kipi nisikiguse? Nisaidieni kwa vipimo tafadhali, "weka kidogo" nimeshaisikia sana.

Tumaini_B

Hongera kwa zawadi mama. Kwa mafua ya mtoto, mimi naweka matone matatu ya mkaratusi kwenye beseni la maji ya moto, nambeba karibu apate mvuke, halafu nampaka kidogo kifuani. Ni vitu vya asili, havina madhara, usiogope.

Fundi Sabuni

Tumaini_B, najua umeandika kwa nia njema, ila kwa mtoto wa miezi minane namwomba Mama Wawili asifanye hivyo kabisa. Mkaratusi umejaa kemikali kali iitwayo sineoli, mnanaa umejaa nyingine iitwayo mentholi. Kwa mtoto mdogo ambaye njia zake za hewa bado nyembamba, ukimpaka karibu na pua koo linaweza kubana akashindwa kuvuta pumzi, na zikimwingia mwilini kwa wingi zinaweza kuleta degedege. Beseni la maji ya moto nalo ni hatari kwa mtoto anayerusha mikono, hata kama halina tone la mafuta. Tena ile baridi tunayoisikia puani sisi wakubwa ni hisia tu. Mentholi inaamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, lakini kamasi iko pale pale.

Mtoto wa umri huo mtie matone ya maji ya chumvi ya puani yanayouzwa duka la dawa, usubiri kidogo, kisha umvute kamasi kwa kile kipira cha kufyonzea kabla hajanyonya. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Akiwa ametulia, mfunue kifua umhesabie pumzi dakika nzima kwa saa. Zikifika 50 au zaidi, au ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Na kwa kuwa umesema mafua hayamwishi, mpeleke akaangaliwe hata kama dalili hizo hazipo.

Sasa niseme kwa nini naongea kwa ukali hivi. Kazi yangu ni kutengeneza sabuni na kuchanganya mafuta ya ngozi, kwa hiyo vichupa hivi nashinda navyo. Nawaheshimu wanaovipenda, navipenda pia. Lakini mtu akishika kichupa cha mililita 10 anadhani ameshika manukato, kumbe ameshika shamba lililokamuliwa. Kilo moja ya mafuta ya waridi inahitaji petali za tani tatu hadi nne. Lavenda haihitaji nyingi kiasi hicho, ila hesabu ni ya aina ile ile: mvuke unapitishwa kwenye rundo la mimea, unapozwa, na yale mafuta machache yanayoelea juu ya maji ndiyo yanayoingia kwenye kichupa. Kunusa ua la lavenda na kujipaka mafuta yake matupu ni mambo mawili mbali kabisa. Hata karafuu na mdalasini tunazozijua jikoni, mafuta yake yakigusa ngozi bila kuchanganywa yanaunguza.

Kipimo hiki hapa, kiandike ukibandike mlangoni mwa kabati. Mililita moja ni kama matone 20, ingawa vitone vya chupa hutofautiana. Chukua mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia, yale ya kawaida kama ya nazi au alizeti, yaani vijiko vikubwa viwili vya kupimia. Matone 6 ya mafuta ya kunukia humo yanakupa asilimia 1, matone 12 asilimia 2. Usoni usivuke asilimia 1. Mwilini kwa mtu mzima mwenye afya asilimia 2 inatosha. Mtoto wa chini ya miaka miwili mimi simwekei kitu.

Kwa miguu yako, nitakwambia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Lavenda hailainishi ngozi. Kinacholainisha ni yale mafuta ya kuchanganyia: nazi, lozi, alizeti, jojoba. Ngozi iliyopasuka imefunguka, na manukato yoyote, hata ya asili, yanapenya kwa urahisi na kuamsha mzio. Kwa hiyo anza na mafuta matupu au jeli ya mafuta ya kawaida. Ukitoka kuoga jifute kidogo tu, pakaa ngozi ikiwa bado na unyevu, maana mafuta hayaongezi maji mwilini, yanayafungia ndani yaliyopo. Punguza maji ya moto na sabuni kali. Mipasuko ikifunga, ndipo uongeze lavenda matone 6 kwenye zile mililita 30 kama unaipenda harufu yake. Kuwasha kukiendelea inaweza kuwa ukurutu, muone daktari wa ngozi, usiongeze matone.

Kijana naye ana bahati, kwa sababu mti-chai ni kati ya mafuta machache yaliyopimwa kwa chunusi. Mwaka 1990 kule Australia walilinganisha jeli ya mti-chai ya asilimia 5 na losheni ya benzoili peroksaidi, dawa ya chunusi, ya asilimia 5 kwa wagonjwa 124. Zote mbili zilipunguza chunusi. Mti-chai ulichelewa kuonyesha kazi, ila ulisumbua ngozi kidogo kuliko ile nyingine. Ukipata jeli iliyotengenezwa tayari kwa asilimia 5, mnunulie hiyo, ni salama kuliko kukisia nyumbani. Ukitaka kuchanganya mwenyewe, soma kwanza lebo uone jina Melaleuca alternifolia, kisha weka matone 4 kwenye mililita 10 za jojoba. Hiyo ni asilimia 2, imezidi kile kipimo cha uso nilichotaja, kwa hiyo asipake uso mzima. Aguse kichwa cha chunusi peke yake kwa kijiti cha pamba, usiku. Mafuta ya nazi usimpe usoni, yanaziba vinyweleo. Asitarajie mabadiliko kabla ya wiki kadhaa, na asiminye. Chunusi zikiwa za ndani, zenye uvimbe mgumu na makovu, hapo ni kazi ya daktari, na mapema ni bora.

Kabla ya chochote kupakwa na yeyote, mpake tone la mchanganyiko uliokwisha kuchanganywa upande wa ndani wa kiwiko, afunike, asubiri saa 24, zikifika 48 ni vizuri zaidi. Kukitokea wekundu, vipele au mwasho, aoshe kwa sabuni na mchanganyiko huo aachane nao.

Baba mkwe asisogezwe karibu na mashine ya kufukizia. Harufu kali inaweza kumwamshia pumu, hata iwe ya lavenda. Ukitaka kufukiza chumbani kwako, nusu saa inatosha, dirisha wazi, mtoto akiwa chumba kingine.

Kunywa: hapana. Hata tone.

Mama Wawili

Asante sana Fundi, nimekuelewa, na mtoto nampeleka kesho. Naomba kuuliza mawili. Yule aliyeniambia niweke kwenye maji ya kuoga, je kwa mtu mzima inafaa? Na bergamoti hujaigusia, ndiyo yenye harufu niipendayo kuliko zote, nimeinusa juu ya kifuniko tu.

Nesi wa Usiku

Naingilia kidogo kwenye hilo la kunywa, maana nafanya kazi ya uuguzi na hili nalichukulia kwa uzito. Vichupa hivi vina rangi nzuri, vinanukia kama peremende, na mtoto wa miezi minane leo ndiye atakayetembea kesho. Kijiko kimoja cha chai cha mkaratusi kinaweza kumpotezea mtoto fahamu. Mti-chai ukinywewa unamfanya apepesuke na kulegea kama mlevi. Kuna mafuta mengine yanayowekwa kwenye dawa za kuchua misuli, yana methili salisileti. Kijiko cha chai cha hayo yakiwa matupu kina nguvu ya karibu gramu 7 za aspirini. Hiyo ni zaidi ya vidonge 20 vya kawaida.

Mtoto akinywa, usimtapishe. Mafuta mepesi yakipanda na matapishi huteleza yakaingia kwenye mapafu, na hapo tatizo moja linakuwa mawili. Usimpe chochote cha "kukata sumu". Mbebe na kichupa chenyewe mwende hospitali hata kama anacheza, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa kidogo, na daktari anahitaji kusoma lebo. Yakiingia jichoni, mwagia maji safi mengi, dakika 15 bila kuacha, kisha nendeni.

Nunua vyenye kizibo cha plastiki mdomoni kinachotoa tone moja moja na kifuniko cha kubonyeza ndipo ufungue. Na viwe juu, mahali hata ukiweka kiti mtoto hafiki.

Fundi Sabuni

Asante Nesi, umesema vilivyo.

Mama Wawili, maji ya kuoga kwanza. Mafuta na maji havichanganyiki. Ukidondosha matone kwenye karai au sinki la kuogea yanaelea juu yakiwa matupu vile vile, na wewe ukikaa yanakugandia sehemu laini kuliko zote. Jaribu kwenye bakuli la maji safi, utayaona yanavyotanda kama doa la mafuta ya taa. Ukipenda kuoga kwa harufu, changanya matone 5 kwenye kijiko kikubwa cha sabuni ya maji isiyo na manukato, ndipo umimine. Mnanaa usiuweke kabisa, utatetemeka kwa baridi na maji ni ya moto.

Bergamoti. Naielewa kabisa hiyo harufu, na ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote kiboksini kwa upande wa ngozi. Ina bergapteni, kemikali ambayo ikikaa kwenye ngozi na jua likaipata inaunguza. Unaweza kuamka na malengelenge, na yakipona yanaacha baka jeusi linalokaa miezi. Ndimu na limau zilizokamuliwa maganda zina tabia hiyo hiyo. Zile zilizotolewa kwa mvuke hazina shida hiyo, na kuna bergamoti iliyoondolewa bergapteni, lebo yake itasema. Ya kawaida, kiwango salama kwa kitu kinachobaki kwenye ngozi ni asilimia 0.4, yaani matone mawili tu kwenye mililita 30. Ushauri wangu, usijipake kabisa. Dondoshea tone kwenye kitambaa ukiweke kwenye droo ya nguo, au ifukize. Harufu utaipata yote.

Tumaini_B

Fundi na Nesi asanteni. Yangu ya mkaratusi nayahamisha leo. Ila nina swali: nina lavenda ya zamani, nilikuwa naipaka vizuri tu, siku hizi inaniwasha. Ndiyo mzio huo?

Fundi Sabuni

Inawezekana kabisa, Tumaini. Lavenda ina linaloli, moja ya kemikali zinazoipa harufu. Ikiwa mbichi ngozi nyingi zinaivumilia, lakini kila unapofungua chupa hewa inaingia, linaloli inaungana na oksijeni na kuzaa vitu vingine ambavyo ndivyo vinavyoamsha mzio. Mti-chai nao huchacha namna hiyo hiyo. Ndiyo maana mimi naandika tarehe kwenye chupa siku ninapoifungua, nachagua chupa ndogo badala ya kubwa, na nazitunza gizani mahali pa baridi. Ya kwako acha kuipaka. Usijaribu kuona kama imetulia, maana mwili ukishaikataa linaloli unaweza kuikataa maisha yote, na imo kwenye sabuni na losheni nyingi za dukani. Mwasho ukiendelea hata baada ya kuacha, daktari wa ngozi anaweza kukupima kwa vibandiko vya mgongoni ajue ni kipi hasa.

Mama Wawili

La mwisho wakuu. Tuna paka, analala mlangoni kwangu. Kuna shida?

Fundi Sabuni

Ipo. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunjavunja kemikali hizi, na mti-chai kwake ni sumu, hata ukiupaka kwenye manyoya kwa nia ya kuua viroboto. Akijilamba ameumeza. Kijana akimaliza kupaka chunusi anawe mikono kabla ya kumshika, vijiti vya pamba viingie kwenye pipa lenye kifuniko, na ukifukiza chumbani mwache paka atoke na mlango ubaki wazi ili aweze kukaa mbali.