Ushauri: Weusi mgumu wa saa umebanduka, naweza kuutoa na kuurudisha hapa Nairobi?

Spana_Kirinyaga
Wadau, habari zenu. Nina saa ya kupigia mbizi, bodi ni chuma cha pua, na imepakwa ule weusi mgumu wa kiwandani. Nafanya kazi ya gereji Kirinyaga Road, mkono hautulii. Sasa weusi umebanduka kwenye zile pembe zinazoshika mkanda na kwenye ukingo wa kifuniko cha nyuma. Mashine iko sawa kabisa, naipenda saa hii na siiuzi. Fundi saa mmoja mjini kaniambia niiloweke kwenye asidi ya kuoshea choo, weusi utoke wenyewe, halafu aipulizie rangi ya mkebe. Roho inakataa. Weusi huu hutolewaje bila kuharibu bodi, na ukirudishwa utadumu?

Msasa_1200
Ndugu, sikiliza roho yako. Asidi nyingi za choo ni za haidrokloriki, na kloraidi ndiyo adui wa chuma cha pua: hutoboa vishimo vinavyozama ndani, na huwezi kuviondoa kwa msasa bila kula bodi yenyewe. Tena kama weusi wako ni DLC, hiyo ni kaboni ngumu inayofanana na almasi, asidi haiishughulishi. Itaingia pale palipokwisha kubanduka, ile chuma, na weusi utabaki umekaa palepale.

Kwanza jua una nini. Rangi ya kawaida ukiipaka dawa ya kutolea rangi itavimba na kuachia. Ikikaa bila kushtuka, hiyo ni PVD, yaani utando uliogandishwa kutoka kwenye mvuke, au DLC, iliyowekwa ndani ya chemba iliyonyonywa hewa. Unene wake kwa kawaida ni maikroni 1 hadi 5. Unywele mmoja ni kama 70. DLC hupita 1000 kwenye kipimo cha ugumu cha Vickers, ilhali chuma cha pua cha 316L kilicho chini yake kiko karibu 200. Pembe ya saa ikigonga bloku ya injini, chuma kinabonyea, na weusi usiojua kubonyea unavunjika. Ni ganda la yai juu ya ndizi mbivu. Kwa hiyo hata upakwe weusi bora kabisa, kwa kazi yako pembe zilezile ndizo zitakazoanza tena.

Dada_wa_Maabara
Kuutoa ni kwa kupuliza chembe za aluminiamu oksidi kwa kompresa. Vishanga vya kioo mara nyingi hupita juu ya DLC bila kuibandua. Tafadhali usiipeleke kwa wanaochonga mawe ya makaburi: mchanga wao ni mkubwa, presha ni kali, utarudishiwa bodi iliyolika kingo. Ulizia maabara zinazotengeneza meno bandia. Tuna kimashine cha kupuliza chembe za maikroni 50 ndani ya kisanduku chenye kioo, unafuata kona mojamoja. Lakini leta bodi tupu: mashine, kioo, kitufe cha pembeni na raba zote zitoke. Thredi za kifuniko, tundu la kitufe na mfereji wa raba zizibwe vizuri. Mfereji ukilika, maji yamepata njia.

Mzee_wa_Saa
Kijana, ukishautoa uache chuma kitupu, kipitishwe msasa kuelekea upande mmoja tu. Au uvae ilivyo. Ile saa ya Chronograph I ya Porsche Design ya 1972 ilifanywa nyeusi ili uso usomeke bila mng'aro, na zilizochakaa kingo bado zinatafutwa na kuvaliwa hivyohivyo.

Spana_Kirinyaga
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, ila weusi ndio ulionifanya niinunue. Msasa_1200, je, Cerakote?

Msasa_1200
Kwa kazi yako ningechagua hiyo. Ni rangi ya kupuliza yenye kauri, ile ya kuokwa huokwa kwa nyuzijoto kama 120. Ni laini kuliko DLC, na ni nene, maikroni 25 hivi, kwa hiyo thredi zizibwe tena. Lakini inashika sana juu ya uso uliopulizwa, na ikichoka unaitoa na kurudia bila chemba.

Ukiitaka PVD yenyewe, pita karakana za kukereza vyuma Industrial Area. Zile keekee za rangi ya dhahabu zimepakwa titani naitraidi kwa njia hiyohiyo, waulize zana zao hupakwa upya wapi. Na uso uwe tayari kabla: maikroni 3 hazifichi mkwaruzo wowote. Ukitaka weusi usiong'aa, usiing'arishe bodi baada ya kupulizwa. Ioshe kwa asetoni, uishike kwa glavu, mafuta ya kidole yanatosha kuufanya weusi usishike.

Dada_wa_Maabara
Wakati wa kuifunga weka raba mpya zote, na ipimwe presha kabla ya kuona maji.

Spana_Kirinyaga
Asanteni sana. Fundi wa kuifungua nitamtafuta mwingine. Bodi ikiwa tupu nitaweka picha hapa, mnionyeshe pa kuziba kabla haijapulizwa.