Tiba ya jeni kwa selimundu: tuifukuzie au tujipange na tulichonacho?

Mleta mada: Wadau, habari za leo. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu. Ndiyo dawa ya kwanza kupata kibali inayotumia CRISPR, yaani mbinu ya kukata na kuhariri jeni. Marekani ikafuata mwezi uliofuata, na kule bei ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Pigeni hesabu: zaidi ya dola bilioni 24 kwa watoto wa mwaka mmoja tu. Msimamo wangu: hata senti isiende huko. Kila mtoto apimwe anapozaliwa, haidroksiurea, dawa ya kumeza inayopunguza makali ya ugonjwa, ifike mpaka zahanati. Nipingeni kwa hoja.

Mama Binti: Kaka, binti yangu yuko darasa la tatu, anameza hiyo haidroksiurea. Imemsaidia, sibishi. Ila kuna miezi nazunguka maduka ya dawa mpaka jioni siipati, kwa hiyo hata hilo unaloliita rahisi bado linatushinda. Na ARV je? Zamani zilizidi dola 10,000 kwa mwaka, tukaambiwa Mwafrika asahau. Leo zinatolewa bure.

Fundi Maabara: Wengi humu wanadhani Casgevy inasahihisha jeni mbovu. Haisahihishi. Selimundu inatokana na herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), na herufi hiyo inabaki vilevile. Wanachofanya ni kutoa seli mama za damu za mgonjwa, kuidhoofisha jeni ya BCL11A inayozuia himoglobini ya kichanga, kisha kuzirudisha. Mwili unaanza tena kutengeneza himoglobini ile ya tumboni mwa mama, ambayo haipindishi chembe nyekundu. Ila kabla ya kuzirudisha, uloto wa zamani (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) unauawa kwa dawa kali za kansa, zinazoweza kumwacha mtu tasa. Hilo hamlisemi.

Mama Binti: Na akijaliwa kuzaa, mtoto atakuwa salama?

Fundi Maabara: Dada, tiba inagusa damu tu, haifiki kwenye mayai wala mbegu. Kila mtoto wake atarithi nakala moja ya jeni hiyo. Mwenzi wake akiwa hana, watoto watakuwa wabebaji, si wagonjwa.

Mleta mada: ARV zilishuka bei kwa sababu viwanda vya India vilizalisha vidonge kwa mamilioni. Hii inatengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kwa seli zake mwenyewe! Kama ni kuponya, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza uloto kwa watoto wa selimundu. Tuongeze nguvu huko.

Mama Binti: Wanataka ndugu wa damu ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa. Wangu ni wa pekee.

Fundi Maabara: Ndiyo maana watafiti wanatafuta namna ya kuhariri jeni ndani ya mwili kwa sindano, bila kutoa seli wala kuua uloto. Ikipatikana, hesabu ya mleta mada inakufa. Lakini itajaribiwa wapi, kama sisi wenye wagonjwa hatujaandaa maabara wala wataalamu? Mkuu, kwenye bajeti yako hiyo umewatengea shilingi ngapi?