MREJESHO: NaN kuvuruga mpangilio wa bei za samaki

Wakuu, nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kwa nini orodha ya bei za sangara na dagaa tunayoikusanya hapa mwalo wa Kirumba, Mwanza, ilikuwa ikipangwa ovyo na lugha ya programu ya Python kila ilipokutana na NaN, yaani thamani isiyo namba.

Kilichonifumbua macho ni maelezo kwamba kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985, yaani kanuni za namba za desimali kwenye kompyuta, kinaifanya NaN isilingane hata na yenyewe, na kwamba ukiuliza kama ni ndogo au kubwa kuliko namba yoyote, jibu ni "si kweli". Nilifuata ushauri wa kuitenga kwa math.isnan (amri ya Python inayoitambua NaN) kabla ya kupanga, na sasa bei zinapanda kwa utaratibu: 8500, 9000, 11000, kisha mistari isiyo na bei.

Ushauri wa kuhamia PostgreSQL umefaulu nusu. Hifadhidata hiyo huihesabu NaN kuwa kubwa kuliko namba zote, hivyo kupanga hakuna shida, ila nilipoomba bei ya juu ya siku, amri ya MAX ilinirudishia NaN! Kwa rekodi mpya naweka NULL (alama ya kukosa thamani), ambayo MAX huiruka. Za zamani bado nazichuja kwa WHERE bei <> 'NaN', jambo linalochosha.

Kwa maoni yangu, lugha ya programu ya Rust imefanya uungwana zaidi, kwani hukataa kabisa kupanga namba za desimali kwa sort() ya kawaida mpaka useme mwenyewe NaN ikae wapi, kwa mfano kwa kilinganishi cha total_cmp.