Kulainisha ndani ya mtutu wa bunduki ya zamani ya marisau: niishie wapi?

Kwale_Mweusi

Wakuu, salaam. Nimerithi bunduki ya marisau ya mitutu miwili, ile ya ubavu kwa ubavu, geji 12. Kibali kiko kwa jina langu tayari. Nje imetunzwa vizuri, hata kitako hakina ufa. Shida iko ndani. Nikiielekeza dirishani, mtutu wa kushoto unaonekana shwari, ila wa kulia una giza giza kuanzia kama shubiri moja mbele ya chemba (pale nyuma panapokaa katriji), na kitambaa kinakwama hapo kila nikikipitisha. Nataka uwe laini na ung'ae. Nimeshauriwa nizungushie msasa kwenye ufito, niufunge kwenye drili, nipige. Nani amewahi kufanya hivi? Na je, ukishang'aa marisau yatakwenda vizuri zaidi?

Spana14

Piga drili tu mkuu. Msasa namba 120, halafu 400, unamalizia na oili. Silinda za pikipiki tunazifanyia hivyo kila siku. Kutu ikigoma, jaza siki ilale humo usiku kucha.

FundiMitutu

Weka drili chini kwanza, mwanangu. Na siki ibaki jikoni: ikimaliza kutu itahamia kwenye rangi ya mtutu, popote itakapodondokea nje.

Spana14, silinda ya pikipiki ikipanuka unaweka pistoni ya oversaizi, kazi inaendelea. Mtutu ukipanuka ndiyo basi. Bunduki nyingi za namna hii ukuta wa mtutu kule katikati haufiki hata milimita moja, na mimi ukishuka chini ya 0.5 siugusi tena. Msasa 120 unachimba michirizi ambayo utalazimika kuifuta kwa kula chuma kingine zaidi. Hapo umelipa mara mbili.

Sasa, hilo giza huenda hata si kutu. Mbele kidogo ya chemba ndipo mtutu unapobanana, na ndipo risasi (madini yenyewe ya marisau) na plastiki ya wadi, kile kizibo kati ya baruti na marisau, hupenda kuganda. Vua mitutu kwenye kitako, hakikisha chemba zote mbili hazina kitu. Paka dawa ya kusafishia bunduki, iache ilale. Kisha chukua brashi ya shaba iliyochakaa, izungushie nyuzi za ile sufu ya shaba ya kusugulia sufuria, ijae mpaka ipite kwa kubana. (Ijaribu kwa sumaku kabla. Nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na sumaku itaidaka hapo hapo.) Ingilia upande wa chemba, sukuma kwa mkono, nenda na kurudi. Vaa glavu, kwa sababu uchafu utakaotoka una risasi, na risasi ni sumu.

Ukishasafisha, angalia tena dirishani, lakini usitafute mng'aro. Tafuta pete za mwanga. Mtutu mzima pete zake ni duara safi, zimepangana moja ndani ya nyingine. Pete ikivunjika au ikavutika kama tone, hapo pamebonyea. Palipobonyea hapasuguliwi, maana kile kinundu unachokiona ndani ni ukuta wenyewe umeingia; ukikisaga unatoboa. Kwanza kinainuliwa, ndipo uwaze kung'arisha.

Kuhusu marisau: vishimo vidogo vya kutu havibadilishi mtawanyiko kwa kiasi utakachokiona. Vinashika uchafu, vinakusumbua wakati wa kusafisha, basi.

Kwale_Mweusi

Shikamoo fundi. Nimefanya ulivyosema. Vimetoka vipande vya kijivu, vyembamba kama maganda, na kitambaa sasa kinapita bila kukwama. Pete zote duara. Vimebaki vidoadoa vyeusi, kama vya ncha ya sindano. Naweza kuvimaliza? Chini ya mitutu kuna alama, mojawapo ni 13/1.

FundiMitutu

Marahaba. Hiyo 13/1 ni alama ya majaribio ya Uingereza (ya kuthibitisha kuwa mtutu unahimili mlipuko), ya enzi kabla hawajaanza kuandika kipenyo kwa desimali. Maana yake mtutu ulipojaribiwa ulikuwa inchi 0.719, yaani milimita 18.26. Ukifika 0.729 unakuwa umeingia saizi inayofuata, ile yenye alama ya 12, na kwa kanuni za kule bunduki hiyo inahesabika imetoka nje ya majaribio yake. Kwa hiyo tafuta fundi mwenye geji ya ndani apime inchi 9 kutoka nyuma, halafu apime na unene wa ukuta. Usipime mdomoni kwa kipimo cha venia ukaridhika. Pale unapima choki (sehemu ya mdomoni iliyobanwa), hupimi mtutu.

Ikiwa vipimo vinaonyesha bado kuna chuma cha kuliwa, tumia stilwulu (sufu ya chuma) ya 0000, ile laini kabisa, juu ya brashi kuukuu, mafuta mengi, drili ya mwendo wa chini kabisa. Weka alama ya tepu kwenye ufito ili usiikaribie choki, kama sentimita 10 kabla ya mdomo. Choki ikiliwa hairudi. Usisimame sehemu moja hata kidogo, la sivyo unachimba bonde. Hiyo itatoa kutu ya juu na kulainisha kingo za vishimo. Vishimo vyenyewe viache. Ili ukifute kishimo itabidi ushushe mtutu mzima hadi kwenye kina chake, na kina huwezi kukiona kwa macho.

Jambo moja sijakuuliza: nje ya mitutu kuna michoro ya mawimbi, kama mistari ya mbao? Kama ipo, ni ile mitutu ya kusokotwa kwa chuma na stili, na kutu yake hupenda kufuata viungio kwenda ndani. Hiyo usiisugue na usiifyatue hadi aione anayezijua.

Kwale_Mweusi

Hakuna mawimbi, ni nyeusi tupu. Naipeleka ikapimwe kwanza.

Spana14

Haya, mimi narudi kwenye pikipiki zangu.